Nani huyu anayeimba "pika-uji" alfajiri Kigoma?

Kigoma jua linachelewa. Tuko magharibi kabisa mwa nchi, lakini saa tunazofuata ni zile zile za Dar es Salaam, ambako kunapambazuka karibu dakika 40 kabla yetu. Wenzetu wa pwani wameshamaliza chai, sisi bado tunapapasa ukutani kutafuta swichi. Mwezi wa saba jua hutoka saa 1 imeshapita. Na katika giza hilo la mwisho, saa 12 na ushei hivi, nyuma ya nyumba yangu kuna kiumbe huanza kuimba.

Huanza chinichini, kama mtu anayejaribu koo: pika-uji, pika-uji. Anarudia, safari hii juu kidogo. Anarudia tena. Ikifika mara ya sita au ya saba si wimbo tena, ni amri: pika-uji! pika-uji! Halafu anakata ghafla. Kimya. Baada ya muda anaanzisha mwingine, maneno tofauti, mtindo ule ule wa kupanda ngazi.

Hayo maneno ya uji ni ya watoto wangu, msiyatafute kwenye kitabu. Lakini nayatetea. Sauti ya ndege haikai kichwani mpaka uivishe maneno, na ukishaivisha hutaisahau. La muhimu si uji, ni ule mwendo: fungu moja fupi, linarudiwa vile vile, kila mara kwa sauti kubwa zaidi. Ndege wengi wa huku hawaimbi hivyo.

Kwa mwaka mzima niliapa kwamba mwimbaji ni shorewanda. Ushahidi wangu ulikuwa huu: kukicha nikitoka nje, juu ya mwembe nilimkuta shorewanda, kila siku. Mnamfahamu hata kama jina hamlijui: kahawia iliyofifia mwilini, kichwa cheusi chenye kishungi kidogo kama hakuchana nywele, na chini ya mkia doa la njano. Anapenda mapapai yaliyoiva na haogopi mtu. Jirani yangu, mzee aliyekulia Ujiji, alisikiliza hoja yangu hadi mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Mwanangu, mdomo uliuona ukifunguka?"

Sikuwa nimeuona. Nilichokuwa nimefanya ndicho tunachokifanya wengi: tunasikia sauti kutoka kichakani, tunainua macho, na ndege wa kwanza kuonekana tunampa wimbo ambao si wake. Shorewanda anakaa peupe, kwa hiyo anasifiwa kwa kazi ya watu wengine. Kuimba anaimba kweli, lakini wimbo wake ni mfupi, wa kuchangamka, noti chache zinazobubujika kwa pamoja, basi. Hapandi ngazi.

Mtuhumiwa wa pili alikuwa tiva. Huyu ni mweusi mgongoni na mweupe tumboni, na bawa lake lina mstari mweupe kama shati lililopigwa pasi. Anaishi ndani ya vichaka, na sauti yake ni ya kengele au ya filimbi, noti chache nzito zenye mwangwi, mara nyingi zikifuatwa na mkwaruzo. Kwa siku kadhaa nilishawishika kwamba ndiye. Kilichomwokoa ni kwamba tiva naye hapandi. Anapiga kengele yake, anajibiwa, anapiga tena vile vile. Mtakutana naye tena mbele kidogo, maana ndiye aliyenifungua macho kuhusu jambo jingine.

Hapo nikaamua kutumia simu. Kurekodi hakukufaa: dakika mbili za mwanzo zilikuwa jogoo, adhana na bodaboda inayogoma kuwaka. Nikageuza mpango. Kuna tovuti inaitwa xeno-canto, imeanzishwa mwaka 2005, ambako watu wa dunia nzima huweka sauti za ndege walizorekodi, na mtu yeyote anaweza kusikiliza. Nikasikiliza mmoja baada ya mwingine, ndege wa vichakani wa Afrika Mashariki, mpaka nikamfikia mmoja ambaye mwanangu wa kati aliposikia alisema kutoka jikoni, "Huyo huyo wa uji!"

Kesho yake kabla ya saa moja nilisimama kwenye dirisha la nyuma, nikaiweka simu kwenye kizingiti, nikaipiga ile sauti mara moja. Ndege wa kichakani akanyamaza. Kama nusu dakika hivi. Kisha kitu kikatoka chini ya mianzi, kikaruka chini chini, kikatua juu ya ukuta wa bafu, hatua tano kutoka pua yangu. Mkia ulikuwa unapanda na kushuka kwa hasira. Alikuja kumtafuta mgeni aliyethubutu kuimba kwenye ua wake. Akatazama kushoto, akatazama kulia, mdomo ukafunguka, na kutoka ndani yake: pika-uji.

Tahadhari moja, maana najua mtajaribu: msifanye hivyo kila siku, na msifanye kabisa msimu wa viota. Ndege anayekuja kupigana na simu ameacha chakula, na pengine ameacha mayai.

Sasa nimweleze vizuri, kwa sababu kwa mwanga wa asubuhi ndege huyu ni mzuri kupita kiasi, na ni ajabu kwamba tunaishi naye uani bila kumjua. Kimo chake ni kama cha shorewanda, sentimita 19 au 20 tangu mdomo hadi ncha ya mkia. Kuanzia kooni mpaka chini ya mkia ni rangi ya chungwa lililoiva. Mgongo ni kijivu kilichochanganyika na udongo. Kichwa ni cheusi, na juu ya jicho unapita mstari mweupe, mpana, umeanzia karibu na mdomo na kuishia kisogoni, kama mtu amechora nyusi kwa chaki. Nyusi hizo ndizo alama ya kushika. Hata kama kuna kiza na rangi ya chungwa haionekani, mstari mweupe utauona. Akiruka, angalia mkia: pembeni ni rangi ya chungwa, manyoya ya katikati ni meusi zaidi.

Dume na jike wamefanana. Usijisumbue kuwatofautisha kwa macho; jike ni mdogo kidogo tu. Kinda aliyetoka kiotoni hivi karibuni ndiye anayechanganya, maana ana madoadoa na hana zile nyusi safi, na mtu anaweza kudhani ni ndege mwingine kabisa. Mtazame anafuatana na nani, utajua.

Wanaofanana naye hapa kwetu si wengi. Kuna ndugu yake ambaye kichwa chote ni rangi ya chungwa, jicho jeusi likionekana kama ushanga katikati ya ubuyu. Huyo hana nyusi nyeupe, mgongo wake una ubuluu wa kiza, na ni hodari wa kuiga sauti za ndege wengine, kwa hiyo ukisikia ndege wanne tofauti kutoka kichaka kimoja, mshuku yeye. Na kuna kadogo ka vichaka vikavu ambako nako kana nyusi nyeupe, lakini kifua chake kina mistari mistari kama cha chui aliyeloana na ncha za mkia ni nyeupe. Ukiona mistari kifuani, si wetu.

Jina lake? Hapo ndipo Kiswahili kinapotutesa. Wanaoandika juu ya ndege humwita kurumbiza, na jina hilo hulitumia kwa ndugu zake wote wenye vifua vya chungwa. Ukilitamka hapa Kigoma, kwenye soko la Mwanga, wengi watakutazama tu. Kwa watu wengi kila ndege mdogo anayeimba ni chiriku, na mambo yanaishia hapo. Sababu si uvivu. Majina mengi ya ndege yaliyoingia kwenye kamusi zetu yalikusanywa pwani, kwa watu wa pwani, wakiwataja ndege wa pwani. Jina likisafiri na reli mpaka huku, linaweza kutua kwenye ndege mwingine kabisa. Ndiyo maana wataalamu hung'ang'ania jina la kisayansi, ambalo halibadiliki ukivuka mto. La huyu ni Cossypha heuglini. Alielezwa kisayansi mwaka 1866 na Mjerumani Gustav Hartlaub, na sehemu ya pili ya jina ni heshima kwa Theodor von Heuglin, Mjerumani mwenzake aliyezunguka sana kaskazini-mashariki mwa Afrika akikusanya ndege.

Hata jina la kisayansi halimalizi ubishi wa ukoo. Vitabu vya zamani vinamweka pamoja na mikesha, wale ndege wa kifua cha madoa wanaochakura majani chini. Vitabu vipya vinamtoa huko na kumpeleka kwa jamii ya ndege wanaodaka inzi. Hajabadilika yeye, kilichobadilika ni kwamba vinasaba vilipoanza kusomwa, ilionekana kufanana kwake na mikesha ni kufanana kwa kazi, si kwa damu. Kwa hiyo ukikuta vitabu viwili vinapingana, tazama kwanza vimechapishwa lini.

Baada ya kumwona nilidhani kesi imefungwa. Mzee wa Ujiji akanirudisha tena kwenye kiti. Nilipomweleza, akatikisa kichwa. "Huyo mmoja umemwona. Na mwenzake?"

Nikarudi nyuma ya nyumba, safari hii bila simu. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, katikati ya mianzi na mwembe, gizani, nikafumba macho ili masikio yafanye kazi. Wimbo ukaanza upande wa mianzi, ukapanda ngazi kama kawaida. Ulipofika juu, kukasikika kitu nilichokisikia kila siku bila kukisikia: kijisauti chembamba, cha juu sana, kama uzi unavutwa, siii, siii. Siku zote nilikihesabu ni mapambo ya wimbo. Safari hii kilitoka upande wa mwembe. Wimbo kushoto, uzi kulia. Walikuwa wawili tangu mwanzo, dume anaongoza na jike anaingia panapostahili, kama kiitikio kwenye taarabu, na wameshikana kwa wakati kiasi kwamba ukikaa mbali unaapa ni koo moja.

Hapa ndipo tiva anaporudi. Yeye ndiye ndege wa Afrika aliyewafanya wanasayansi watulie na kusikiliza. Mwaka 1963 William Thorpe wa Chuo Kikuu cha Cambridge aliandika juu ya kupokezana kwa ndege wa jamii ya tiva, akapima jinsi mmoja anavyomjibu mwenzake ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde, kwa usahihi ambao mwanadamu angehangaika kuufikia. Watu walioishi miaka mingi jirani na tiva walidhani kengele na mwangwi wake ni vya ndege mmoja.

Linaloongeza mkanganyiko ni kwamba hata ndege mmoja peke yake anaweza kusikika kama wawili. Sisi sauti yetu hutengenezwa juu, kwenye koromeo. Ndege anayo sehemu yake ya sauti chini kabisa, pale bomba la hewa linapogawanyika kwenda mapafu mawili. Inaitwa sirinksi. Kwa kuwa iko kwenye njia panda, kila upande unaweza kutoa sauti yake, na ndege waimbaji wanaweza kuziendesha pande hizo mbili kila moja kivyake. Kwa hiyo sikio peke yake halitoshi kukuambia wako wangapi. Njia ya uhakika ni ile ya ndoo: kaa katikati yao.

Kwa muda mrefu vitabu, vingi vikiwa vimeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani ya Kaskazini, vilisema kuimba ni kazi ya dume: anatafuta mke na kufukuza wapinzani, jike ananyamaza na kuchagua. Kwao ilionekana hivyo. Mwaka 2014 watafiti walichapisha matokeo ya kupitia mamia ya spishi za ndege waimbaji duniani, wakakuta kwamba katika asilimia 71 majike huimba, na kwamba hata mababu wa ndege hawa wote, zamani sana, majike yao yaliimba. Kimya cha jike ni jambo lililokuja baadaye, hasa kwenye nchi za baridi. Mtu yeyote aliyekaa Kigoma asubuhi moja na masikio yake angeweza kuwadokeza, ila hakuna aliyetuuliza.

Sababu inaeleweka ukifikiria maisha yao. Kwenye baridi ndege huhama, hurudi kwa miezi michache, dume hushika eneo haraka na kuita mke. Kurumbiza hahami. Yeye na mwenzake wanakaa kwenye kichaka kile kile mwaka mzima, masika na kiangazi, na eneo hilo lina wadudu, maji na pa kujificha, vitu ambavyo jirani yeyote angevitamani. Wimbo wa alfajiri ni hati ya kiwanja inayosomwa kwa sauti kila siku, na waliosaini ni wawili. Wanachagua alfajiri kwa sababu upepo umetulia na sauti inafika mbali, na bado ni giza mno kutafuta wadudu. Jioni, jua likizama upande wa Kongo ng'ambo ya ziwa, wanaisoma tena.

Ndiyo maana nasema ukitaka kumtambua ndege huyu, anza na mahali kabla ya rangi. Jiulize: kichaka kizito kiko wapi, na maji yako wapi? Kigoma mjini ni kwenye makorongo yanayoshuka ziwani, yale ambayo hayajajengwa kwa sababu mvua ikinyesha yanageuka mito. Ni kando ya mto Luiche, na kwenye mabonde ya Gombe, ambako kila kijito kina ukanda wake wa miti. Ni uani kwa watu wenye migomba, mianzi, na lundo la majani yanayooza ambalo hakuna aliyepata nafasi ya kulizoa. Kwenye mlima wenye nyasi peke yake usihangaike. Ukienda Tabora, katikati ya miombo, utatembea kilomita nyingi chini ya miti iliyosimama mbalimbali bila kumsikia, kisha utafika kwenye kichuguu kikubwa cha zamani chenye kichaka chake kilichosongamana juu, au kwenye mto, na atakuwepo.

Chakula chake kiko chini. Anaruka ruka kwa miguu miwili, anasimama, anainamisha kichwa, anageuza jani. Mende wadogo, mchwa, sisimizi, mara nyingine tunda dogo. Siku siafu wanapotoka kwa safu, msijifungie ndani mkasahau kutazama dirishani: kurumbiza huwafuata pembeni, na kila panzi anayekimbia siafu anakimbilia mdomoni mwake.

Kiota ni bakuli la mizizi na majani, limefichwa kwenye kisiki, kwenye tundu la mti au katikati ya mimea iliyofungamana, na mayai ni mawili au matatu. Jike huyalalia, na makinda wakitoka wote wawili huwalisha. Adui mkubwa kuliko watoto wenye manati ni kekeo mwenye kifua chekundu, yule anayepiga noti tatu zinazoshuka mvua zinapokaribia, na watu husema analeta mvua. Kekeo hajengi. Hutaga yai la kahawia kwenye kiota cha kurumbiza na ndugu zake, na kinda wake akianguliwa huwasukuma wengine nje. Kisha wenyeji hulisha mtoto mmoja mkubwa kuliko wao wenyewe, kwa bidii ile ile, na nimeshuhudia tukio hilo mara moja kwenye ua wa mianzi, nikakosa la kusema.

Mwaka jana, kabla ya mvua, mke wangu aliona nyoka karibu na bafu. Nikawaita vijana wawili wenye mapanga. Mpaka saa 8 mchana mianzi ilikuwa imelala chini, lundo la majani limechomwa, na nyuma ya nyumba palikuwa peupe kama uwanja wa mpira. Nilijisifu sana jioni ile. Kesho yake saa 12 na robo nilikaa kwenye ndoo yangu na kusikia jogoo, adhana na bodaboda. Siku ya tatu nikaisikia, mbali, ng'ambo ya korongo: pika-uji, na ule uzi mwembamba unaoitikia.

Nilivuka kwenda kuhakikisha. Mzee alikuwa ameketi barazani kwake, kikombe mkononi, kichaka chake cha michongoma kikiwa kimesonga hadi dirishani.

"Karibu," akasema. "Siku hizi uji unapikwa huku."